Siku Bibi Alipopanda Gari Lisilo na Klachi

Mwezi uliopita mjukuu wangu alinipandisha nyumbani kwa gari lake, kutoka barabara kuu ya Moshi hadi kwetu juu mlimani, na njia nzima nilikuwa nimetega sikio. Gari lilipinda, likavuka daraja, likapanda, likapinda tena, na muungurumo ukabaki ule ule mmoja, wa chini chini, kama mtu anayeimba amefunga mdomo. Nikacheka peke yangu. Kijana akaniuliza nacheka nini. Nikamwambia nasubiri abadilishe gia. Akanitazama kwa huruma, maana wao wanadhani uzee umeanza kunipanda kichwani, akasema, "Bibi, hili ni otomatiki."

Ananifundisha mimi otomatiki. Mimi niliyepanda otomatiki kabla mama yake hajazaliwa, enzi za Mwingereza, wakati kwetu Meru gari lenyewe lilikuwa jambo la kuachia jembe na kukimbilia barabarani. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa abiria, na abiria hagombani na dereva mlimani. Lakini ninyi nitawaambia.

Kwanza mjue kwamba utotoni kwetu gia ilikuwa habari. Barabara ilipanda kutoka bondeni katikati ya migomba na kahawa, nyembamba na nyekundu, na kwa sababu ya migomba hiyo hukuliona gari mpaka likufikie. Ulilisikia. Dereva alikuja na gia ya tatu kwenye tambarare, akashuka ya pili darajani, akapita kanisani, na akifika Kona ya Mringaringa, pale mlima unaposimama wima, lazima aingie ya kwanza au arudi alikotoka. Na magari ya siku zile hayakupokea gia hivi hivi. Ulikanyaga klachi ukaitoa gia, ukaachia klachi, ukachochea mafuta kidogo, ukakanyaga klachi mara ya pili, ndipo ukaiingiza nyingine. Ukikosea, mlima mzima unajua. Kila dereva alikuwa na mkono wake. Yule wa lori la mbao alikuwa anazisaga gia mpaka meno yanakuuma wewe uliyekaa nyumbani kwako. Sisi watoto tulikuwa na mchezo wa kuwaigiza kwa mdomo: mmoja anaunguruma, wenzake wanataja jina la dereva. Mimi sikushindwa hata siku moja, na msidhani najisifu, waulizeni walio hai.

Baba yangu, Anaeli, alikuwa dereva wa lori la kahawa. Alifundishwa jeshini, akaendesha kwenye matope ya Burma wakati wa vita, na gia zake zilikuwa laini kuliko za mtu yeyote. Sikio kali kuliko yote lilikuwa la mama yake, bibi yangu. Tuliishi naye ua mmoja, kwa kuwa Baba alikuwa kitinda mimba, na kwetu kitinda mimba ndiye anayebaki na mama. Bibi hakujua hata mlango wa gari unafunguliwa upande gani. Lakini jioni akiwa jikoni, akisikia gia ya pili inaingia darajani, anamwambia Mama, "Pakua, mwanangu amevuka mto." Baba akiingia ndani anakuta ndizi zinatoa moshi.

Kisha masika fulani lori likamshinda pale Kona ya Mringaringa. Lilirudi kinyumenyume na magunia ya mahindi lililopakia siku hiyo, likaangukia kwenye mfereji wa maji. Baba alitolewa hai, tunamshukuru Mungu, ila goti la kushoto lilipona vibaya. Lilinyooka likakataa kukunja tena, likawa hivyo mpaka tulipomzika. Sasa ninyi mliozaliwa na otomatiki huenda hamjui kwamba mguu wa kushoto ndio wa klachi. Bila goti hilo, udereva wake ulikwisha.

Siku aliporudi kutoka hospitali Bibi alimngoja mlangoni. Hakulia, hakumkumbatia. Alisema mbele ya wazee wa ukoo, kwa Kimeru kilichonyooka, "Umerudi, nashukuru. Lakini siku utakayoshika tena usukani, mimi sitakula tena chakula cha nyumba yako."

Mtu wa mbali atasema bibi kizee kasusa tu. La. Mama kukataa chakula cha kitinda mimba wake, na anaishi ua mmoja naye, ni kuutangazia ukoo kwamba hana mtoto. Akifa kabla ya kulitengua neno lake, mwana huyo anabaki na kitu shingoni maisha yake yote, na watoto wake wanakirithi. Mchungaji hawezi kulifuta, wala wazee wa ukoo. Anayeweza ni yeye peke yake aliyelisema.

Basi Baba akawa mkulima. Kahawa yake ilikuwa nzuri, migomba yake minene, na yeye mwenyewe alikuwa anakauka. Lori likipita barabarani alikuwa anasimama katikati ya shamba, panga mkononi, na ukimtazama miguuni unaona kidole gumba cha mguu wa kulia kinakandamiza udongo, taratibu, kinaongeza mafuta. Alikuwa haimbi tena. Zamani aliimba mpaka kuku wanamjua. Nilimtaka yule baba wa kuimba, nilimtaka sana, lakini nilimpenda na Bibi, na sikuona njia ya kuwapata wote wawili.

Aliyeleta njia alikuwa Fundi Zakaria, rafiki wa Baba tangu jeshini, aliyekuwa na gereji Sakina kwenye njia ya Nairobi, siku hizo Sakina ikiwa na mashamba kuliko nyumba. Alikuja kwetu Jumamosi moja akiwa na mafuta meusi mpaka kwenye nyusi. Akamvuta Baba nyuma ya zizi, nami nilikuwa nakata majani ya ng'ombe hapo hapo, nikasikia kila kitu.

"Kuna Mgiriki anahama," akasema, "anauza gari la mkewe. La Kimarekani. Lina pedali mbili."

"Ya tatu imevunjika?"

"Haikuwekwa, Baba Elinami. Halina klachi. Linabadilisha gia lenyewe."

Elinami ni mimi. Baba akacheka kwa dharau. Akasema gari linalojibadilishia gia ni kitanda chenye magurudumu, wanatengenezewa wake za wazungu ili wakanunue mkate bila kutoka jasho. Dereva ni gia, akasema, mengine yote hata mbuzi anaweza kushika. Zakaria akamwacha amalize. Akamwambia, "Haya. Mimi nimekuja kukuambia ni pedali mbili, na wewe una mguu mmoja wa kukanyaga. Hesabu mwenyewe." Akaondoka zake.

Baba hakulala vizuri juma lile, Mama alitueleza baadaye. Kahawa ilikuwa imekubali mwaka ule. Ilipofika Jumatatu Bibi aliambiwa kwamba familia nzima inakwenda mjini, Baba akaangaliwe mguu. Huo haukuwa uongo kamili, maana mguu uliangaliwa kweli. Zakaria aliupima kwa kipande cha kamba aone kama utaenea chini ya usukani.

Gari lenyewe, jamani. Rangi yake ilikuwa ya maziwa ya mgando, boneti ndefu, bampa unayoweza kujitazamia meno. Ndani kulinuka ngozi na marashi ya yule mke wa Mgiriki. Kiti cha mbele kilikuwa kimoja kirefu cha kukaa watu watatu, na chini, upande wa dereva, pale klachi inapokaa kwenye gari la watu, palikuwa na nafasi tupu. Baba aliingia kinyumenyume, akauinua mguu wake kwa mikono miwili, akaunyoosha pale. Ukatosha. Akakaa hivyo kitambo bila kugusa kitu. Mama alijifanya kutazama nje.

Zakaria ndiye aliyeanza kutuonyesha, maana alidai amekwisha kulizoea. Sisi sote tukapanda. Akaliondoa vizuri, tukatoka gereji, tukashika njia ya Nairobi, na alipotaka kupunguza mwendo mguu wake wa kushoto, mzima kabisa, uliozoea klachi miaka yote, ukatoka wenyewe kwenda kuitafuta. Ukakuta breki. Na breki ya gari lile ilikuwa pana kama sinia. Akaikanyaga mpaka chini. Sote tulikwenda mbele kwa pamoja. Kilemba cha Mama kilifika kwenye kioo kabla yake, na mdogo wangu tulimwokota sakafuni. Zakaria akaomba radhi, akaondoka tena, na hatua chache mbele akafanya vile vile. Tukasikia sauti tuliyokuwa tumeisahau. Baba alikuwa anacheka, anacheka mpaka machozi, anapiga dashibodi kwa kiganja.

"Teremka," akamwambia rafiki yake. "Mguu mzima unakusumbua. Niachie mimi."

Wenzangu, nimepanda magari mengi, nimepanda na ndege, lakini mwili wangu haujasahau dakika ile. Baba alivuta kijiti kidogo kilichokuwa pembeni ya usukani, akaachia breki, na gari likaanza kutambaa lenyewe kabla hajakanyaga mafuta. Akashtuka akalizuia. Akaliachia tena, likatambaa tena, lina hamu. Alipokanyaga mafuta injini ilipiga kelele kwanza, gari likawa bado linafikiri, halafu ndipo likaenda, kama mtu mzima anayeitwa usingizini: anaitika kwanza, viatu anatafuta baadaye. Tukaongeza mwendo. Mkono wa kushoto wa Baba ulikuwa unaruka hewani kutafuta gia, unakosa, unarudi kwenye goti kwa aibu. Halafu kikatokea kitu kidogo, kama mtu aliyebeba mzigo kichwani anauweka sawa huku anatembea, na injini ikashusha sauti.

"Nini hicho?" Baba akauliza.

"Limebadilisha," akasema Zakaria.

Baba akarudi mwendo wa pole ili likirudie. Likakirudia. Tukaenda hivyo mpaka mjini, tukazunguka penye mnara wa saa, tukavuka Mto Themi, tukarudi, na kila mara kile kitu kidogo kilipotokea sisi watoto nyuma tulisema kwa pamoja, "Limebadilisha."

Mama alikuwa na kipimo chake. Siku iliyofuata alichukua sufuria la maziwa akalipakata wazi. Kwenye lori la zamani, kila gia ilikuwa inammwagia mtu maziwa. Tulikwenda kutoka gereji mpaka mjini na kurudi, na gauni lake likabaki kavu. Akasema, "Hili tulichukue." Zakaria alitaja na kasoro zake, kwa haki. Linakunywa petroli bila haya, mlimani ni zito kuliko gari la klachi, na kwenye mteremko halizuii mwendo vizuri usiposhusha kile kijiti. Kasoro nyingine aliitaja mwisho kabisa, wakati Baba amekwisha kuwasha na hamsikii mtu. Akasema betri ikifa, msilisukume. La klachi unalisukuma, unaingiza gia, linawaka. Hili halitawaka hata mlisukume mpaka Kikatiti.

Mzungu aliyekuwa akipima madereva mjini aliutazama mguu wa Baba, akaitazama ile nafasi tupu, akazungushwa mji mzima, akateremka akitikisa kichwa, akagonga muhuri. Serikali ikawa imemkubali. Bado Bibi.

Baba hakuthubutu kulifikisha nyumbani. Alilificha kwa Mwinjilisti wetu, jirani na kanisa, ndani ya banda la kukaushia kahawa, chini kidogo ya Kona ya Mringaringa. Asubuhi anashuka na fimbo yake kama mkulima yeyote, akifika bandani anakuwa dereva. Anabeba wagonjwa, anabeba mbegu, anawapeleka akina mama sokoni. Mlima mzima ulijua, isipokuwa mtu mmoja. Na mjue kilichomwokoa: gari lilikuwa halina mkono. Bibi alilisikia likipanda kila jioni, lakini hakuna gia ya kumwambia ni nani.

"Hilo gari linalovuka daraja bila kubadilisha gia ni la nani?" akamwuliza Mama.

"Labda la misheni, Mama."

"Dereva wao mzembe huyo. Ataliua gari la watu."

Baba alikuwa hapo hapo anakula ndizi. Aliinama akatafuna kwa muda mrefu.

Lakini njia ya mwongo ni fupi, hata akiwa na gari la Kimarekani. Ikafika Jumapili ya mavuno. Kwetu, siku hiyo watu wanaleta kanisani mazao ya kwanza, na baada ya ibada yanapigwa mnada kwa ajili ya kazi ya kanisa. Mikungu, maboga, mayai, asali, kila kitu, na watu wanashindana kwa vicheko. Mnada ulifanyika uwanjani, chini ya kanisa, kando ya barabara. Bibi alikuwa amemgombania jogoo mmoja mwekundu na mzee wa kanisa na kumshinda, na sasa alikuwa amemkumbatia, amesimama ukingoni mwa barabara, ana furaha ya ushindi.

Huko juu kulikuwa na balaa. Mchungaji mgeni aliyehubiri alitakiwa kwenye ibada nyingine bondeni, na gari la misheni lililopaswa kumchukua lilikuwa limechelewa. Mwinjilisti akamsihi Baba, wakapita nyuma ya kanisa mpaka bandani. Baba akabonyeza stata. Kimya. Akabonyeza tena. Betri imekufa.

Sasa, gari likikataa kuwaka kwa Wameru, hakuna mkutano wala swali. Linasukumwa. Ni kama moto au mazishi, mwanaume anayepita anaacha alichoshika na kuweka bega. Wanakwaya walikuja na majoho yao, wazee wa kanisa wakaja, mpiga tarumbeta akaja na tarumbeta yake kwapani, na nyuma yao watoto wote wa shule ya Jumapili, nami nikiwamo. Na Baba, dereva wa miaka yote ile, alisahau. Alikwisha kukaa kwenye usukani, watu wamekwisha kuhesabu, na mguu wake wa kulia ulikuwa tayari unangoja injini iwake. Tukasukuma. Tulisukuma kwa wimbo. Gari likatoka bandani, likashika mteremko, likatuponyoka mikononi.

Halikuwaka. Lilikwenda kimya, zito, linaongeza kasi, hakuna sauti isipokuwa kokoto chini ya matairi. Lilipita kanisa. Likaelekea uwanja wa mnada, na watu wakafungua njia wakipiga yowe. Bibi hakukimbia. Nilimwona kutoka juu. Alisimama wima na jogoo wake, uso umegeuka majivu, anamtazama mwanawe nyuma ya kioo akija bila mlio. Baba alikanyaga breki kwa mguu wake mmoja, akaibana, akaibana, na gari likasimama mbele ya mama yake, karibu kiasi cha kumshika mkono.

Mpiga mnada alibaki na mkungu wa ndizi begani.

"Shikamoo, Mama," akasema Baba, ingawa walikwisha kuamkiana asubuhi.

Bibi hakuitikia. Akauliza, "Tangu lini?"

"Tangu kahawa ilipochanua."

"Na mguu huo?"

"Hauna kazi, Mama. Umekaa tu."

Akainama akachungulia ndani. Akauona mguu umenyooshwa, umepumzika kama mgonjwa kitandani. Akaziona pedali. Mimi nilikuwa nimefika, nimeshika mlango. Nilijua neno lake linakuja. Nilijua jioni ile kutakuwa na jiko jingine uani, na moshi wa pili, na kila mpita njia atauona.

"Gia ziko wapi?" akauliza.

"Linabadilisha lenyewe."

"Linajuaje?"

Baba, dereva wa Burma, akazitazama pedali zake mbili. "Sijui, Mama. Lakini linajua."

Bibi akanyooka. Akatazama kule juu barabara inakopotelea. "Nipandishe," akasema. "Mpaka Mringaringa. Sasa hivi."

Mwinjilisti alijaribu kusema jambo kuhusu mchungaji mgeni, akatazamwa, akalimeza. Bahati nzuri gari la misheni likatokea wakati ule ule, mchungaji akapata usafiri, na dereva wao, yule anayeitwa mzembe bila kujua, akatuazima betri yake kwa dakika chache tukawasha. Bibi hakutaka kumwachia mtu jogoo. Akapanda naye mbele. Mimi nikaingizwa katikati, kati ya mguu wa Baba usiokunja na kiganja cha Bibi, ambacho kilinishika kifundo cha mkono na hakikuniachia tena.

Tulipanda taratibu. Tukapita banda la Mwinjilisti, tukaingia kwenye kivuli cha migomba. Barabara ikaanza kuinuka. Niliona Kona ya Mringaringa inakuja, na mfereji pembeni yake, na kiganja cha Bibi kikabana mpaka mfupa. Akafumba macho. Baba alikanyaga mafuta. Gari likasitasita, nikasikia kile kitu kidogo, mzigo ukiwekwa sawa kichwani, injini ikapandisha sauti bila kukatika hata punje, na tukaizunguka kona, tukatokea juu penye jua.

"Mbona hujabadilisha?" Bibi akauliza, macho bado kafumba.

"Limebadilisha, Mama. Tumekwisha kupita."

Akafumbua. Akageuka nyuma kuitazama kona. Mimi nilitaka kucheka, nilitaka kupiga makofi, furaha ilikuwa inanitoka kila upande. Nikangoja aseme.

"Rudi chini," akasema. "Panda tena."

Baba akageuza penye kichanja cha kukusanyia maziwa, tukashuka, tukapanda tena. Akafumba macho pale pale, akafumbua pale pale. "Tena," akasema. Tukarudi tena. Watu walikuwa wamejipanga ukingoni kama kwenye harusi, wanapunga mikono kila tukipita, na watoto wanaimba "Limebadilisha", maana nilikwisha kuwafundisha. Jogoo alikuwa amelala. Safari hiyo Bibi hakufumba macho. Alitazama mbele, kichwa amekiinamisha kidogo upande mmoja, na tulipofika juu alivuta pumzi ndefu na kidole baada ya kidole akauachia mkono wangu.

"Petroli itatuishia, Mama," Baba akasema kwa upole.

"Basi twende nyumbani," akasema Bibi. "Nyumbani kwako. Nina njaa."

Baba alisimamisha gari katikati ya barabara. Aliweka paji la uso kwenye usukani, akalia kwa sauti kama mtoto, na mama yake akamngoja amalize. Jioni ile Bibi alikula sahani mbili. Alimtuma Mama aongeze. Jogoo alichinjwa, na Baba aliimba mpaka Bibi akamwambia apumzike.

Kwa miaka mingi niliisimulia habari hii kama kichekesho: bibi kizee aliyelichukia gari, akalipanda, likamnogea, akataka kuzungushwa kama watoto. Niliisimulia hivyo hata harusini kwangu, na Mama alinisikiliza akitabasamu. Kesho yake akaniita kando. Akaniambia kwamba siku ile ya masika, lori lilipoanguka, yeye na Bibi walikuwa jikoni. Walimsikia Baba akivuka daraja. Mama akapakua. Walimsikia akifika Kona ya Mringaringa, wakasikia gia ya pili ikitoka. Ya kwanza haikuingia. Kulikuwa na kimya, Mama akasema, kimya cha mtu kumeza mate, na Bibi alikwisha kuinuka na kuanza kukimbia kabla ya kishindo. Tangu siku hiyo, kila gari lililofika pale lilimuua kidogo, hapo katikati, gia moja imetoka na nyingine haijaingia.

Sasa nina watoto barabarani, na wajukuu, na usiku siwezi kulala mpaka simu iingie kwamba wamefika. Ndipo naelewa alikuwa anafanya nini kwenye kiti kile, macho kafumba, na kifundo changu mkononi. Gari halikumnogea hata kidogo. Alikuwa anamsikiliza mwanawe akipita pale akiwa mzima, tena na tena, mpaka sikio lake likaamini.